Siku Bwana Shomari Alipochezeshwa

Madale,
Jumamosi, saa tisa alasiri.

Faraja, mama yangu,

Sikuulizi hali, kwa sababu tangu asubuhi nimekuona ukikunja nguo, ukizikunjua, ukizikunja tena, na hiyo ndiyo hali yako. Sasa umekwenda na mama yako Tegeta kusuka nywele. Nyumba imetulia, na mimi nimepata saa mbili za kuandika jambo ambalo wiki hii nimejaribu kulisema kwa mdomo mara tatu nikashindwa. Jumatatu tulipokuwa tunafunga lile bomba la uani nilianza, "Faraja, hivi unamkumbuka..." Ukauliza, "Nani?" Nikasema, "Yule fundi bomba wetu wa zamani." Hatujawahi kuwa na fundi bomba wa zamani.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako amekwishayasema yote, na mengine ameyasema mara mbili mbele ya wageni. Mimi nina jambo moja tu, na ni la aibu. Nakuomba ulisome ukiwa umekaa.

Jumapili jioni ulitusomea kile kijitabu ulichopewa na kampuni yako ya Mwanza. Ulisimama katikati ya sebule, mkono kiunoni, ukasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Sisi si wafanyakazi, sisi ni familia. Hapa hatuna matatizo, tuna changamoto." Kisha ukanigeukia ukicheka. "Baba, hawa si wamekuiga wewe kabisa?" Ukatueleza kwamba kwenye usaili walikuuliza nidhamu ya kazi umeipata wapi, nawe ukajibu kwamba kwa baba yako, aliyekuwa karani wa kiwanda na balozi wa utamaduni wa kampuni. Mama yako aliangalia sahani yake. Mimi nilisema nakwenda kufunga geti. Geti lilikuwa limefungwa tangu saa kumi na mbili.

Ulikuwa darasa la sita wakati ule, tunakaa Mbagala, kwa hiyo kiwanda unakikumbuka kwa mambo ya nje tu: ile fulana yangu ya bluu, keki ya mwisho wa mwaka, watoto wa wafanyakazi wakipakwa rangi usoni. Ngoja nikuingize ndani.

Tulikuwa tunatengeneza maboksi. Ya sabuni, ya biskuti, ya maji ya chupa. Mimi nilikuwa karani wa uzalishaji. Kila zamu ilipoisha, waendesha mashine walikuja dirishani kwangu wakanieleza kilichotokea, nami nikaandika kwenye taarifa ya zamu, ukurasa mmoja, kalamu ya bluu, bila kufuta. Nilikuwa naipenda kazi ile kuliko nilivyowahi kumwambia mtu. Jioni nyumbani niliandika tena, kwenye daftari langu mwenyewe, tarehe juu, mistari mitano au sita. Mama yako alikuwa ananitania kwamba naandika siku mara mbili kama vile mbinguni kuna upungufu wa makarani.

Kisha akaja meneja mpya wa utumishi. Tulimwita Madam tu. Hakuwa mtu mbaya, na nataka ulishike hilo, kwa sababu ukidhani alikuwa mbaya hutaelewa chochote katika haya ninayokuandikia. Alikikuta kiwanda ambamo wakubwa walikuwa wanawaita watu kwa majina ya wanyama, na kwa miezi michache matusi yale yakaisha. Akaanzisha mkutano wa saa moja asubuhi uani, tukisimama duara, bosi na mfagizi bega kwa bega. Mtu akifiwa tulikwenda wote na sare ya kitenge. Mtu akitimiza mwaka tulimmwagia maji, hata mhasibu mkuu na suti yake. Waliokuwa wanachelewa wakaanza kuwahi. Mimi mwenyewe nilikuwa nakwenda kazini nikipiga mluzi.

Na akapiga marufuku neno moja: tatizo. Lilichorwa ukutani kwa herufi nyekundu: HAPA HAKUNA TATIZO, KUNA CHANGAMOTO. Madam alisema neno tatizo linaifunga akili na neno changamoto linaifungua. Tulipiga makofi. Vijana wa ghalani ndio waliobuni adhabu. Anayelitaja neno lile mkutanoni, anacheza. Palikuwa na spika ndogo. Singeli inawashwa, mtu anaingia katikati ya duara, anacheza nusu dakika, tunacheka, tunaendelea. Kwenye daftari langu siku ya kwanza niliandika hivi: "Mkutano mzuri. Mhasibu kachezeshwa. Kicheko kingi."

Baada ya muda nikachaguliwa kuwa balozi wa utamaduni. Kazi ya balozi ilikuwa kulisikiliza neno lile popote linapotamkwa na kuhakikisha haliingii kwenye karatasi. Mimi ni mtu wa kidato cha nne, nilikuwa nimekaa miaka tisa nyuma ya dirisha lile, na wengi walinijua kwa jina la "wee karani". Sasa naingia getini mlinzi anasema, "Balozi, za asubuhi?" Nisikufiche, nilivimba kichwa.

Nikalileta neno lile hadi nyumbani. Unakumbuka tumbo lako? Uliamka siku moja ukaniambia, "Baba, tumbo lina changamoto kidogo." Nikakusifu. Kweli kabisa, nilikusifu, nikakuambia unywe maji ya uvuguvugu. Mama yako aliporudi sokoni alikukuta umejikunja sakafuni.

"Baba Faraja, mtoto anaumwa."

"Ameniambia ni changamoto ndogo."

"Hebu achana na kiwanda chako. Mtoto anaumwa."

Kilikuwa kidole tumbo, na daktari alisema tungengoja hadi kesho yake kingepasuka. Ulipozinduka nilikuuliza kwa nini hukuniambia kwamba unaumwa sana. Ukanijibu kwa sauti ndogo, "Si ulisema tusisemage tatizo?" Mtu mwenye akili angejifunza palepale, mtoto wake mwenyewe amelala na mshono tumboni. Mimi Jumatatu nililisimulia kazini kama kichekesho, na walicheka sana.

Sasa nifike kwa Bwana Shomari. Wewe unamkumbuka kama baba yake Zuhura, rafiki yako wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kazini alikuwa mwendesha mashine mkongwe kuliko wote, mwenyeji wa Mbagala tangu babu zake, mtu wa maneno machache na mazuri. Mashine yake ilikuwa namba tatu, ile ya kukata. Kisu chake kilikuwa na urefu wa mlango, na mbele ya kisu palikuwa na kinga ya chuma ambayo ukiifungua, kisu kinatakiwa kisimame.

Jumanne moja mkutanoni alinyoosha mkono. Hakuwa mtu wa kunyoosha mkono. Akasema, "Jamani, mashine namba tatu ina tatizo, ile kinga ya kisu..."

Hakumaliza.

"Babu kalitaja!"

"Acheze! Acheze!"

"Weka ile ya juzi, ile inayokimbia."

"Nisikilizeni kwanza, wanangu," akasema.

"Cheza kwanza mzee wetu, maelezo baadaye. Sheria haina mjomba."

Akaniangalia mimi. Nilikuwa balozi, na nilikuwa jirani yake. Ningeinua mkono tu, muziki ungezimwa. Nikamwambia huku nacheka, "Ingia tu Bwana Shomari, nusu dakika si nyingi." Akavua kofia yake, akaikunja, akaitia mfukoni, akaingia katikati ya duara. Alicheza kwa mabega peke yake. Miguu haikubanduka chini, na macho aliyaelekeza kwenye ukuta, juu ya vichwa vyetu. Kijana mmoja akasema, "Babu anapiga dua huyo," na duara zima likaanguka. Nilicheka hadi nikashika mbavu. Kisha spika ikazimwa, Madam akatazama saa yake, tukatawanyika. Hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza kinga ya kisu ina nini.

Jioni alikuja dirishani. Akanieleza taratibu, kama anavyomweleza mtoto: boksi likikwama, ukafungua kinga ulitoe, kisu hakisimami. Mara nyingine kinasimama, mara nyingine kinashuka chenyewe.

"Andika, mwanangu. Andika tatizo."

"Bwana Shomari, unajua hilo siwezi."

"Huwezi kuandika, au huwezi kuandika hilo?"

"Nitaandika changamoto. Maana ni ileile."

Akaegemea dirisha. "Mie shule sikufika ulikofika wewe. Lakini mtoto akitumbukia kisimani, huendi kwa majirani kuwaambia kisima kina changamoto."

Nikacheka tena. Nikaandika: "Mashine na. 3, changamoto ndogo ya kinga. Inafanyiwa kazi." Faraja, hakuna aliyeniambia niandike "ndogo". Hilo ni langu. Wala hakuna aliyekuwa anaifanyia kazi. Niliandika hivyo kwa sababu ndivyo sentensi zetu zilivyokuwa zinaisha.

Taarifa ile ilipanda juu kwa fundi mkuu pamoja na nyingine za siku ile. Sabuni ya chooni imekwisha, changamoto. Basi la zamu limechelewa, changamoto. Kisu kinachoshuka chenyewe, changamoto. Nimelifikiria jambo hili kwa miaka. Neno lile halikuwa uongo, na ndiyo maana lilinishinda. Uongo ningeukataa, nadhani. Lakini neno lile lilifanya vitu vyote viwe na uzito mmoja, na fundi anayesoma vitu kumi na tano vyenye uzito mmoja huanza na kilicho karibu. Sabuni ya chooni ililetwa siku ileile.

Bwana Shomari alirudi dirishani wiki iliyofuata, nikaandika vilevile. Mara ya tatu hakufika hata dirishani. Alipita kwa mbali na mkoba wake akasema, "Balozi, ile yetu bado ipo." Mkutanoni hakunyoosha mkono tena. Wakati huo nilidhani amezoea. Leo najua mtu mzima akishachezeshwa mbele ya vijana wa rika la wanawe, huwa haji mara ya pili.

Alhamisi ya wiki ya tatu boksi lilikwama, akafungua kinga. Nilisikia kelele moja fupi, kisha mashine zikazimwa moja moja, na kiwanda kikawa na ukimya nisioujua. Vidole vitatu vya mkono wa kulia. Sitaandika zaidi ya hapo.

Jioni ile niliandika kwenye daftari langu: "Shomari ameumia. Alisema tatizo la kinga mara tatu. Nimeandika changamoto mara mbili, mara ya tatu sikuandika kitu." Niliandika vizuri, kwa mwandiko uleule. Nikalifunga daftari, nikaliweka kabatini chini ya mashuka, nikala.

Wiki iliyofuata alikuja mkaguzi kutoka nje ya kiwanda, mtu mpole mwenye miwani. Tulikaa mimi, yeye na Madam. Nilikuwa nimevaa fulana ya bluu. Akaniuliza, "Kwenye taarifa zako, kuna mahali popote paliporipotiwa tatizo la mashine namba tatu?"

Nikafungua faili. Nikapekua ukurasa kwa ukurasa, polepole, kana kwamba sijui.

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Faraja, lilikuwa jibu sahihi. Neno tatizo halikuwemo kwenye faili lile hata mara moja. Mimi ndiye niliyehakikisha. Kurasa mbili zenye "changamoto ndogo" nilizipita kwa kidole kilekile ninachoshikia kalamu hii. Madam alishusha pumzi. Mkaguzi aliandika kwamba mwendesha mashine hakutoa taarifa, na aliingiza mkono bila kuzima mashine. Nikaweka sahihi kama shahidi. Bwana Shomari alitibiwa, akapewa barua ya kuachishwa kazi kwa uzembe. Na mtu mwenye barua ya uzembe, mwenye mkono mmoja mzima, hakuna kiwanda kinachomfungulia mlango.

Mwisho wa mwaka mimi nilikuwa balozi bora. Keki ulikula.

Sasa ndiyo nafika kwenye kile kilichonifanya niandike. Uliniuliza mezani, "Baba, baba yake Zuhura kafanyaje?" Nikakujibu, "Alikuwa mzembe. Mashine haimsamehe mzembe." Nililisema kwa sauti ya kufundisha. Baada ya siku chache ulirudi umekwaruzwa shavuni. Ukasema Zuhura amekusukuma kwa sababu umemwambia baba yake alikuwa mzembe. Ulikuwa unalia, unataka kujua kama umekosea. Nikakuosha shavu nikakuambia, "Hujakosea. Umesema kweli." Zuhura hakukanyaga tena kwetu. Mwaka uliofuata tukahamia huku Madale, na nilipoulizwa na watu kwa nini tumekimbilia milimani, nilisema napenda hewa.

Hukusema kweli, mama. Ulisema uongo wangu kwa mdomo wako, ukiwa na miaka kumi na miwili, kwa rafiki yako wa pekee, na mimi nikakubariki. Hilo linaniuma kuliko faili. Faili lilikuwa la kiwanda. Wewe ulikuwa wangu.

Nadhani unakumbuka kwamba mimi nami waliniondoa baadaye. Barua ilisema familia inapitia changamoto za kiuendeshaji. Sikuandikii hili ili unionee huruma. Nilistahili kuisoma sentensi ile nikiwa upande wa pili wa dirisha, mara moja tu, nijue inavyosomeka.

Baada ya kutusomea kijitabu chako Jumapili, sikulala vizuri siku tatu. Alhamisi niliwaambia nakwenda Temeke kumwona daktari wa macho. Nilikwenda Mbagala, na daftari kwenye mfuko wa rambo. Nyumba ni ileile. Bwana Shomari anauza kamba na mifagio mbele ya mlango wake. Mkewe, Bi Mwajuma, ndiye aliyeniona kwanza. Alikuwa anachambua mchele, hakuacha.

"Huyu si karani huyu? Kumbe yungali hai."

"Shikamoo, Bi Mwajuma."

"Marahaba. Leo umekuja na kalamu, au umekuja na mdomo?"

"Mwajuma," Bwana Shomari akasema, "mgeni hukaribishwa kwanza, ndiyo atukanwe."

"Mie sijamtukana. Nimeuliza kifaa alichokuja nacho."

Akanipa kigoda. Nikamwamkia mzee, akaniitikia, akanipa mkono wa kushoto. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima tangu Mbezi, na yote yalinitoka. Nikafungua daftari nikamsomea mistari ile, siku kwa siku. Jumanne aliyocheza. Jioni ya dirishani. Alhamisi. Siku ya mkaguzi, ambayo niliandika, "Nimejibu hakuna." Nilisoma kwa sauti isiyo na kitu ndani, kama nasoma hesabu ya maboksi. Nilipomaliza nikasema nimekosa, na kwamba niko tayari kwenda naye popote kusema haya chini ya sahihi yangu, na daftari ni lake.

Mzee alifunga mfagio mmoja kwa vidole viwili na meno.

"Vidole vimeshaenda zao," akasema. "Na ile barua ya uzembe, wanangu wameikulia, wameizoea. Wajua kilichoniuma mie?"

"Sijui, mzee."

"Ile ngoma. Nilikutazama wewe, nikasema jirani yangu huyu ataizima. Ukacheka, Karani. Ukacheka mpaka ukajishika hapa." Akajishika mbavu. "Wale vijana sikuwawekea kinyongo, walikuwa watoto. Wewe tulikuwa tunazikana."

Bi Mwajuma aliacha kuchambua mchele.

Mzee ndiye aliyeendelea. "Yule mwanao, mwenzake Zuhura. Anayajua haya?"

"Hapana."

"Mkubwa sasa."

"Anaondoka Jumapili. Amepata kazi."

"Na anakwenda huko akijua mie mzembe."

"Ndiyo, mzee."

"Basi hapa hujafika," akasema. "Umepita tu."

Daftari walilichukua. Kijana wao mkubwa anafanya kazi kwenye ofisi ya wakili, na watakalolifanya ni lao, wakiniita nitakwenda. Nilipokuwa navaa viatu Bi Mwajuma aliniambia, bila kunitazama, kwamba Zuhura ni nesi sasa, yuko Kigamboni, ana mtoto. Sikuomba namba yake. Nilihisi si mimi wa kuiomba.

Mama, sikuambii usiende Mwanza, wala sikuambii watu wa kule ni waongo. Huenda wanamaanisha kila walichoandika. Sisi pia tulimaanisha. Tulizikana kweli, tulichekeana kweli, na mapenzi yale ndiyo yaliyofanya iwe vigumu mtu kusimama akasema jambo linaloharibu asubuhi nzuri. Kwenye familia nani anataka kuwa mtoto mbaya? Kwa hiyo kijitabu kile kisome, lakini usidhani utamaduni wa mahali umo humo. Sisi wa kwetu ulikuwa ukutani kwa rangi nyekundu, na mimi nilipita chini yake kila siku bila kuuona. Ukitaka kuuona, ngoja siku mtu mmoja atakaposema pamekosewa. Angalia nyuso za wenzake zinageukia wapi, kwenye kosa au kwake yeye. Na uangalie uso wako mwenyewe, maana wangu siku ile niliusahau kabisa.

Sijui kama wewe utakuwa jasiri kuliko mimi. Sina haki ya kukutaka uwe. Mimi nilikuwa na mke, mtoto, kodi ya nyumba, na jina jipya nililolipenda. Wewe nawe utakuwa na vyako. Ila kuna jambo moja dogo ambalo hata mwoga anaweza kulifanya, na mimi sikulifanya. Muziki ulipozimwa, ningeweza kumfuata Bwana Shomari hadi mashine namba tatu nikamwambia, "Samahani mzee, ulikuwa unasema kinga ina nini?" Hakuna ambaye angenichezesha kwa swali hilo. Lilikuwa halikatazwi na ukuta wowote.

Na ukiulizwa tena nidhamu ya kazi umeipata wapi, naomba usinitaje. Mtaje mama yako, aliyesema mtoto anaumwa.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii katikati ya nguo zako, uikute ukishafika. Ningekuwa nimepata jioni hii nzima, na safari ya hadi stendi ya Mbezi, na kukupungia mkono basi likiondoka, huku ukiwa bado unaniona vile unavyoniona. Niliitamani sana jioni hiyo. Lakini ingekuwa ni faili jingine. Kwa hiyo nakupa mkononi, kukiwa bado na mwanga, kisha nitakaa kibarazani. Kama una la kuniuliza, njoo uulize. Kama una hasira, njoo nazo, na usichague maneno. Kama huwezi kuja, mimi ndiye nitakayebeba begi lako alfajiri, na sitakulazimisha kunisemesha njiani.

Namsikia mama yako anacheka huko chini barabarani. Mmefika.

Baba